Mzee wangu anacheza na askari wa kuchezea, je, nimpeleke kwa daktari?

Wiki hii najibu barua ya mama mmoja, msomaji wa safu hii, anayeishi na mumewe katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Ameomba jina lake lisitajwe. Barua ilikuwa ndefu, nimeifupisha kwa idhini yake.

"Mwanangu," anaandika, "mume wangu ana miaka 63. Ameendesha mabasi hapa kwa miaka 24 mpaka magoti yakamkatalia. Alipoacha kazi alikaa miezi sita mbele ya televisheni, hasemi na mtu. Kisha jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe, akamwita kwake. Tangu siku hiyo mzee wangu ananunua askari wadogo wa plastiki, hata kidole gumba hawakifikii, anawapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi nyembamba kama sindano. Kila Alhamisi jioni wanakwenda kuwapiganisha mezani na wazee wenzao. Anasema ni jeshi la Napoleon. Meza yangu ya kulia chakula imekuwa kambi, na sithubutu kuuliza anatumia pesa kiasi gani. Juzi jirani kampa sanduku zima la askari wa chuma, la marehemu baba yake. Mjukuu wetu wa miaka miwili, ambaye tunashinda naye mama yake akiwa kazini, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Watoto wangu wanacheka, mimi silali. Mtu mzima kucheza na vidoli, si dalili ya akili kurudi utotoni? Nimpeleke kwa daktari?"

Shikamoo mama. Umeuliza swali moja, lakini barua yako ina mambo mawili. La mzee umeliuliza, na jibu lake halitishi. La pili hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya nikupigie simu kabla ya kuandika safu hii. Ni lile sanduku. Kwa kila msomaji mwenye kitu kama hicho nyumbani: liondoe sasa hivi, lifunge, liweke mahali mtoto hafiki, kisha nawa mikono kwa sabuni. Sababu nitaieleza chini.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwetu mzee akikaa kibarazani na bao la kete kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi, hakuna anayemwita mgonjwa. Huu wa mumeo ni wa jamii hiyo hiyo, ila kete zake zina nyuso na sare.

Ni mchezo wa zamani. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani wakati huo, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani kwa dadu na vipande vidogo. Aliendeleza wazo la baba yake, aliyelianza Napoleon akiwa bado anapigana Ulaya. Jeshi likautumia kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells akaushusha hadi sebuleni kwa kitabu chake Little Wars, ambamo watu wazima wanatambaa sakafuni na askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Mwaka 1962 Donald Featherstone akatoa kitabu cha War Games, kilichowavuta wengi katika mchezo huu wa mezani. Huyu Featherstone, mama, kazi yake ilikuwa fiziotherapia. Mchana alinyoosha migongo na magoti ya watu, usiku alipanga majeshi.

Kwa nini Napoleon? Ukiwauliza wachezaji, wengi watakutajia rangi. Enzi zile bunduki zilitoa moshi mzito, na sare za kung'aa zilimsaidia kamanda kuwatambua watu wake. Waingereza walivaa nyekundu, Wafaransa bluu, Warusi kijani, Waaustria nyeupe. Juu yake weka vifungo, mikanda inayopishana kifuani, manyoya ya kofia, ngoma, bendera. Kwa mtu mwenye brashi hiyo ni karamu.

Kazi inakwenda kwa hatua. Askari anakatwa kwenye fremu yake, anakwanguliwa mikunjo ya kiwandani, anagundishwa. Anapakwa rangi ya awali ili nyingine zishike. Zinafuata rangi za nguo, kisha rangi nyepesi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo na kuleta vivuli, kisha mwanga sehemu zilizoinuka, mwisho vanishi. Askari mmoja anaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kikosi kimoja kina askari thelathini hivi. Sasa umeelewa kwa nini chai yake inapoa.

Mezani wanapima mwendo kwa futi na kuamua milio ya bunduki kwa dadu. Hapo akili inafanya kazi. Ukipanga watu wako kwa safu nyembamba, bunduki nyingi zinapiga kwa pamoja, lakini unakwenda polepole. Ukiwapanga kwa msururu mnene, unasogea haraka, lakini mzinga mmoja unakumaliza. Farasi wakija, unaunda mraba wenye visu vya bunduki pande zote. Farasi hawaingii, ila sasa umekuwa shabaha nzuri ya mizinga. Kila uamuzi una gharama, na lazima ukumbuke kanuni, uhesabu na usome uso wa mwenzako.

Je, ni akili kurudi utotoni?

Sasa swali lako. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu mara nyingi huja kwa mtu kuacha mambo, si kuanza mapya yanayohitaji mpango. Anaacha alichokipenda. Anasahau kanuni alizozijua. Anauliza jambo lilelile mara tatu kwa saa moja, anapotea njia aliyoizoea, anashindwa hesabu za bili alizokuwa akizilipa mwenyewe. Mtu anayejifunza sare za mataifa matano, akakumbuka nani alisogea wapi Alhamisi iliyopita, na kurudi nyumbani salama, haonyeshi dalili hizo.

Ipo tahadhari, na nisingekuwa mkweli nikiificha. Hobi mpya ikija na mabadiliko mengine, kama kukosa haya, kukosa huruma kwa watu wa nyumbani, au kurudia kitendo kimoja kwa saa nyingi bila lengo, hapo muone daktari. Vilevile baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinajulikana kuleta tamaa isiyozuilika ya kununua vitu au kucheza kamari. Kama mzee ameanzishiwa dawa za aina hiyo, daktari wake aambiwe kuhusu manunuzi.

Kama hayo hayapo, nakuomba uisome tena barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba alikaa miezi sita hasemi na mtu. Mimi ningekuwa daktari, miezi ile ndiyo ningeihofia.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Dereva wa basi huonana na mamia ya watu kwa siku. Siku anayokabidhi funguo, wote hao wanatoweka kwa mpigo, na wanaume wengi wa rika lake hawakufundishwa kutafuta rafiki bila kisingizio cha kazi au mpira. Brashi na dadu zimempa kisingizio. Jirani naye, aliyebaki peke yake baada ya mkewe kufariki, amepata mtu wa kukaa naye Alhamisi.

Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliojumuisha watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi kutoka nchi 16. Wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona, na waliripoti afya bora, furaha na kuridhika na maisha kuliko wasio na hobi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba hobi ndiyo iliyoleta afya. Huenda mwenye afya ndiye anayepata nguvu ya hobi. Hata hivyo matokeo yalielekea upande mmoja katika nchi zenye tamaduni tofauti kabisa.

Mikono nayo inafaidika. Nchini Uingereza wapo mapacha maarufu katika fani hii, Alan na Michael Perry, wanaochonga sanamu hizi na kuziuza duniani kote. Katika miaka ya 1990 mmoja wao aliumizwa na mzinga kwenye maigizo ya vita nchini Ufaransa, akapoteza mkono wa kulia. Alijifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto, na anaendelea na kazi. Vidole vya mtu mzima bado vinafundishika.

Hatari iko sandukuni

Sasa nirudi kwenye sanduku. Kwa miongo mingi askari wa kuchezea walitengenezwa kwa madini ya risasi, yaleyale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kuwamwaga wakiwa wazi ndani mwaka 1893, na wakauzwa kwa mamilioni hadi miaka ya 1960. Askari wa chuma waliotengenezwa baadaye kwa ajili ya wachezaji watu wazima nao mara nyingi walikuwa na mchanganyiko wa risasi. Siku hizi watengenezaji wengi wanatumia bati lisilo na risasi, lakini si wote. Sanduku la marehemu baba wa jirani yenu lina kila dalili ya kuwa la risasi, na rangi zake za zamani nazo zinaweza kuwa na risasi. Askari hao wakizeeka vibaya hutoa unga wa kijivu au mweupe. Unga huo ni sumu.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye chanzo kilekile, na mtoto wa miaka miwili kila akishikacho hukipeleka mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza hupungua, utulivu darasani hupungua, na damu pia hupungua. Madhara mengine kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Na ubaya wake ni ukimya. Mtoto anaweza kuwa na risasi mwilini huku anacheka, anakula na kukimbia kama kawaida. Kipimo ni cha damu tu. Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, damu ikionyesha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa hiyo, mama, usisubiri dalili. Mpeleke mjukuu kwa daktari wenu wa familia, mwambie wazi kwamba ameshika na huenda ameweka mdomoni askari wa zamani wa risasi, uombe apimwe. Mama yake naye aambiwe leo, hata kama atakasirika.

Hapa ndipo ugomvi wako wa meza unapopata haki yake. Ulidhani unalalamikia unadhifu, kumbe unalalamikia afya. Meza ya kulia chakula haifai kuwa karakana. Askari wa chuma akikwanguliwa kwa tupa, vumbi linabaki mbaoni, na saa mbili baadaye mtu anaweka chapati palepale. Futeni meza kwa kitambaa kilicholowa na sabuni, msifagie kikavu, maana ufagio hurusha vumbi hewani.

Mzee aendelee, ila kwa masharti

Ushauri huu mkatie mzee kutoka gazetini, aupate kwa mtu wa nje.

Abaki na plastiki au chuma ambacho muuzaji ametamka kwamba hakina risasi. Plastiki haina sumu hiyo, lakini mkono wa askari unaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo vipande vyote viwe na sanduku lenye kifuniko. Visu vya wembe na gundi kali vikae juu.

Asilambe ncha ya brashi ili kuichonga. Wapaka rangi wengi wana tabia hiyo. Miaka ya 1920 nchini Marekani wasichana waliopaka rangi yenye radiamu kwenye sura za saa walilamba brashi, na wengi waliugua na kufa. Rangi za akriliki za siku hizi zimekuwa salama zaidi, lakini nyingine bado zina madini yasiyofaa kuingia mdomoni. Ncha ichongwe kwenye karatasi iliyolowa.

Rangi ya kupuliza itumike nje, si jikoni dirisha likiwa limefungwa kwa baridi. Kikombe cha chai na kopo la maji ya brashi visifanane wala visikae pamoja. Kila mpaka rangi atakwambia kwa nini.

Macho nayo yapumzike. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Taa iwe nyeupe na ya karibu, na kama miwani yake ni ya miaka minne iliyopita, akapimwe upya. Kwa magoti yake, asikae zaidi ya saa moja bila kuinuka. Kikosi hakitatoroka.

Pesa nazo zizungumzwe

Mama, uliza. Usiulize kwa kelele, uliza kwa daftari. William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliagizwa mwaka 1830 kutengeneza mfano wa vita vya Waterloo, vile vilivyommaliza Napoleon tarehe 18 Juni 1815. Alikaa miezi kadhaa kwenye shamba lililokuwa katikati ya uwanja wa vita, Ubelgiji, akipima kila tuta. Serikali ikakata fedha, yeye akaendelea kwa mikopo. Mwaka 1838 kazi ilionyeshwa London ikiwa na askari zaidi ya 70,000, na watu walimiminika kuitazama, lakini Siborne hakuzirudisha fedha zake hadi anakufa. Leo mfano ule ni fahari ya Jumba la Makumbusho la Jeshi mjini London. Familia yake haikula fahari hiyo.

Wachezaji wenyewe wana utani wa "mlima wa risasi", yaani marundo ya askari walionunuliwa na hawajapakwa rangi. Kubalianeni kiasi cha mwezi, kitoke kwenye mfuko wake baada ya kodi na chakula, na sanduku jipya lisinunuliwe kabla la zamani halijaisha. Akianza kuficha risiti, kukopa kwa siri au kuuza vitu, hapo ndipo hobi imegeuka tatizo, na daktari au mshauri atafutwe.

Vita mezani, vita moyoni

Jambo moja la mwisho. Wapo wasomaji wetu waliokimbia vita kwa miguu, kutoka Burundi, kutoka mashariki ya Kongo. Kwa mtu kama huyo, askari waliopangwa mezani huenda wakamrudisha usiku asioutaka. Wells aliandika kitabu chake akisema vita vidogo vya sakafuni ni afadhali kuliko vile vikubwa vya kweli. Mwaka mmoja baadaye, 1914, vile vikubwa vikaja. Yeyote nyumbani akisema, "Sivitaki mbele yangu," asichekwe. Viende chumba kingine, mlango ufungwe.

Na mjukuu? Asinyang'anywe babu. Akifika umri wa shule apewe askari wa plastiki na brashi yake mwenyewe. Mwaka 1826 mchungaji Patrick Brontë alirudi nyumbani kutoka Leeds na sanduku la askari 12 wa mbao kwa ajili ya mwanawe Branwell. Dada zake wakachagua kila mmoja wake. Charlotte wake akamwita Wellington, Branwell wake akamwita Bonaparte. Watoto wale wakawatungia askari nchi, wafalme na magazeti madogo ya kuandikwa kwa mkono. Mwaka 1847 Charlotte alichapisha Jane Eyre, na mwaka huohuo wadogo zake Emily na Anne nao wakatoa riwaya zao.

Hayo ni ya miaka ijayo. Ya wiki hii ni kipimo cha damu. Majibu yakitoka, mama, niandikie.